Mwenzangu anategea kazi, lakini mimi ndiye ninayeambiwa sina adabu

SWALI: Mpendwa mshauri, tuko watano katika kitengo kinachoandaa ripoti ya kila mwezi. Mmoja wetu, ambaye amenizidi umri kwa miaka 12, ni mtegeaji: huchelewa kufika, huiacha sehemu yake ikiwa nusu, na siku ya kuwasilisha inapokaribia huniambia, “Wewe ni mwepesi, nimalizie hapo.” Nimemmalizia kwa karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita nilimtania mbele ya wenzetu kwamba kiti chake kinafanya kazi kuliko yeye. Wote walicheka isipokuwa yeye, na tangu siku hiyo haitikii salamu yangu. Wale wale waliocheka sasa wananiambia kwamba mkubwa hakosolewi. Msimamizi wetu mpya, aliyefanya kazi nchi za nje kwa muda mrefu, anasema kwamba sisi tunaogopa ukweli, na ananitaka nimseme waziwazi kikaoni. Nimfuate nani? Na je, ni kweli kwamba hatuwezi kuambiana ukweli? — Niliyechoka

JIBU: Ndugu yangu, neno la kwanza halimhusu mwenzako bali wewe. Kwa mwaka mzima ripoti hiyo imemfikia msimamizi ikiwa imekamilika, na hakuna anayeisoma ambaye angeweza kujua ni kurasa zipi zilizoandikwa na nani. Umemsitiri mwenzako vizuri kiasi kwamba uvivu wake haumgharimu yeyote isipokuwa wewe.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapa watu kamba waivute huku akipima nguvu zao, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Mtu angeweza kusema kwamba walikuwa wakigongana tu, hawakuvuta kwa mpigo mmoja. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kwamba wanavuta pamoja na wengine ilhali kila mmoja alikuwa akivuta peke yake, na bado walilegea. Miaka saba baadaye, katika majaribio ya kupiga kelele kwa pamoja, ilionekana kwamba mtu anapojua kuwa sauti yake inapimwa peke yake, ulegevu huo hutoweka. Kwa hiyo, kabla ya maneno yoyote, mwombe msimamizi aweke jina la mhusika kwenye kila sehemu ya ripoti, likiwemo la kwako. Ombi hilo halimshtaki mtu, na huenda likamaliza nusu ya tatizo bila wewe kufungua mdomo.

Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Msimamizi wako anakosea anaposema kwamba tunaogopa ukweli, na lugha yetu yenyewe inamkanusha. Tuna kukosoa, kuonya, kukanya, kunasihi na kusuta, na hakuna Mswahili atakayekwambia kwamba maneno hayo ni mamoja. Anayenasihi na anayesuta wanaweza kutaja kosa lile lile. Tofauti ni kwamba wa kwanza humwendea mhusika akimtakia heri, na wa pili huja na mashahidi. Ulichokifanya mwezi uliopita, hata kama ulikiita utani, kilikuwa kijembe chenye hadhira, na mtu mzima alikipokea kama kusutwa. Sidhani kwamba kilichomuuma ni ukweli. Kilichomuuma ni kile kicheko. (Wenzako walicheka kwa sababu ulisema walichokuwa wakikinong’ona, na sasa wanajivua lawama. Waache.)

Wala haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1978 Penelope Brown na Stephen Levinson walichapisha uchunguzi uliolinganisha Kiingereza, Kitamil na Kitzeltal cha Mexico, lugha zisizo na udugu wowote, na kote walikuta watu wakilainisha maneno yanayoweza kumvunjia mwingine heshima. Kinachobadilika ni kiasi na mahali: Waholanzi wanajulikana kwa kusema wazi, ilhali Waingereza, majirani zao, huzunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo. Hata huo ukosoaji wa wazi hauna uhakika wa kufaa. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya tafiti nyingi mwaka 1996, waligundua kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matukio, kumweleza mtu jinsi anavyofanya kazi kulimfanya afanye vibaya zaidi, hasa pale maelezo yalipomfanya ajifikirie yeye mwenyewe badala ya kuifikiria kazi.

Kwa hiyo usimseme kikaoni, na usinyamaze pia. Kunyamaza huku ukimsengenya pembeni siwezi kukuita adabu, hata wenzako wakikuita hivyo. Mtafute akiwa peke yake, wiki ya kwanza ya mwezi, si siku ya kuwasilisha ripoti wakati kila mtu amepandwa na hasira. Mwambie: “Kaka, siku ile nilikutania mbele ya watu, na hapo hapakuwa mahali pake, naomba radhi. Lakini jambo lenyewe lipo. Mwezi uliopita na ule uliotangulia nilimalizia majedwali yako, na mwezi huu sitaweza. Kuna kinachokukwamisha?” Angalia kwamba unaomba radhi kwa mahali, si kwa jambo, na kwamba neno “mvivu” halimo.

Ukishauliza, nyamaza umsikilize. Niliwahi kumhesabu mwenzangu mmoja kuwa mtegeaji kwa miezi mingi, kumbe programu mpya ya kompyuta ilikuwa imemshinda na aliona aibu kumwomba kijana amfundishe. Aliposema, tulihitaji alasiri mbili tu. Sisemi kwamba wako ni hivyo. Huenda ni mvivu kweli, na wavivu wapo. Lakini kwa mtu aliyekuzidi umri kwa miaka 12, kukiri kwamba hajui ni mzigo mzito kuliko kuitwa mvivu, na anaweza kuuchagua uvivu kama maficho.

Akiendelea vile vile, timiza ulichosema: usimmalizie. Ripoti ikipungua kurasa zake, mweleze msimamizi kwa tarehe na idadi ya kurasa, ukiwa umemtangulizia mwenzako kwamba utafanya hivyo, ili asisikie kwa watu. Na salamu za asubuhi endelea kumpa, hata asipoitikia.