Pumu ya kaka ilitulia, ya dada ikaanza

Mama mkwe alipomwona mjukuu wake wa kwanza akihangaika kupumua, alisema: "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Yaani kauleta nani? Mimi nina pumu tangu darasa la pili, kwa hiyo nilinyamaza. Nikabeba mtoto na lawama mpaka hospitali.

Leo ningemjibu, kwa adabu zote. Pumu ina urithi ndani yake, lakini hairithiwi kama jina la ukoo. Hakuna jeni moja ya pumu. Ziko nyingi, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba sehemu fulani ya kromosomu ya 17, kwenye jeni inayoitwa ORMDL3, inahusiana na pumu inayoanza utotoni. Mtu anaweza kuwa na jeni hizo na asibanwe hata siku moja. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja huweza kuugua na mwenzake asiugue. Moshi wa jikoni, vumbi la godoro, mende na mafua ya utotoni navyo vina mkono wao. Halafu, mume wangu hupiga chafya kila msimu wa vumbi, na mama yake huyohuyo ana pumu ya ngozi. Hayo yote ni jamaa moja na pumu ya kifua. Sikumwambia.

Kilichonishangaza mimi ni homoni. Kijana wangu alibanwa tangu ana miaka 4. Akafika 13, sauti ikawa nzito, kifua kikafunguka. Tukashangilia. Mdogo wake wa kike, ambaye hakuwahi kuvuta inhela, kile kikopo cha kuvutia dawa ya pumu, akavunja ungo, na mwaka haukuisha akaanza kukohoa usiku. Miezi miwili nilimpa dawa za mafua, nikiamini kwamba aliyeishi mpaka miaka 12 bila pumu keshaepukana nayo.

Daktari hakushangaa. Utotoni wavulana ndio wengi zaidi kwenye pumu, na sababu mojawapo ni kwamba njia zao za hewa ni nyembamba ukilinganisha na mapafu yao. Baada ya balehe mambo hugeuka, wasichana wanawapita. Testosteroni inaelekea kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, wakati homoni za kike, zinapopanda na kushuka kila mwezi, huwachokoza baadhi ya wasichana.

Akaniambia niweke alama. Kalenda ya ukutani, kalamu ya bluu kwa usiku wa kukohoa, nyekundu kwa siku zake. Mwezi wa tatu wa kuweka alama, hata mtoto mwenyewe aliona: bluu zilijaa siku mbili tatu kabla ya nyekundu. Nilikwenda kliniki na kalenda yenyewe kwapani, na daktari akapanga dawa kwa kuiangalia. Kama una binti anayekaribia kuvunja ungo na kwenye familia kuna pumu, upande wowote, fanya hivyo mapema kuliko mimi.

Na wewe mwenye mvulana aliyetulia, usifungashe dawa kwa uamuzi wako. Pumu inaweza kurudi ukubwani. Kijana wangu anacheza mpira, na inhela iko kwenye begi pamoja na soksi zinazonuka.

Kuhusu inhela kwa wadogo: dawa nyingi huishia kinywani. Chupa ya maji ya nusu lita inasaidia. Toboa kitako chake tundu la kutosha mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa tepu, mtoto avutie kwenye shingo ya chupa, mpulizo mmoja mmoja, akipumua taratibu mara kadhaa. Lakini akishindwa kumaliza sentensi, au ngozi ya katikati ya mbavu ikivutwa ndani, mpe dawa ya kufungua kifua huku mnaelekea hospitali. Usisubiri kuche.

Shangazi za binti yangu bado wanasema ile dawa ya kila siku, yenye steroidi, itamzoeza na kumdumaza. Haimzoezi. Kwenye urefu, ni kweli watoto walioitumia kwa miaka walionekana kupungua kama sentimita 1 hivi, na mimi sentimita 1 nimeikubali kwa usiku wa kulala. Jumapili tulimpima kwenye fremu ya mlango. Kanipita, na anataka viatu vyenye kisigino.