Siku yako ya kwanza Cartagena, amka mapema

Ukifika Cartagena, Kolombia, siku ya kwanza usikimbizane na vivutio. Tembea polepole ndani ya ukuta unaozunguka mji mkongwe, na tega sikio. Mji ule una habari za watu wetu, na mwenye haraka hazisikii.

Mimi nilianza vibaya. Nilitoka uwanja wa ndege nikaingia teksi bila kuuliza bei, nikatozwa karibu mara tatu ya nauli ya kawaida. Teksi za kule hazina mita, kwa hiyo patana kabla hujafunga mlango, na uwe na peso za noti ndogondogo. Kisha saa sita mchana nikapanda ngome ya San Felipe de Barajas. Iko juu ya kilima, mawe matupu, kivuli ni ndani ya mahandaki tu, na joto lile lenye unyevu wa bahari lilinimaliza nguvu ingawa nimezaliwa Tanga. Nilirudi siku nyingine saa mbili asubuhi, ndipo nikaifaidi. Ndiyo ngome iliyowashinda Waingereza wa Admirali Vernon mwaka 1741.

Kwa hiyo wewe anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye Torre del Reloj, mnara wa saa wa rangi ya manjano. Chini yake ndipo lango kuu la mji lilipo. Ukipita unatokea uwanja wa Plaza de los Coches. Kufikia saa tatu umejaa watalii, lakini saa ile utawakuta wafagiaji na njiwa. Simama hapo kidogo. Uwanja huo ulikuwa soko la watumwa. Cartagena ilikuwa moja ya bandari kuu ambako Wahispania walishusha Waafrika, wengi wao kutoka Guinea, Kongo na Angola. Aliyewahi kusimama Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, ataujua uzito ule unaomshuka mtu kifuani.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi kanisa la San Pedro Claver. Padri Claver alikuwa akiingia ndani ya meli na maji na chakula kwa waliofungwa minyororo; alifariki mwaka 1654. Mabaki yake yamehifadhiwa chini ya altare. Mimi si Mkristo, lakini nilikaa mle karibu saa nzima.

Halafu ingia vichochoroni bila ramani. Mji uliozungukwa na ukuta hautakupoteza mbali. Nyumba zina roshani za mbao zilizofunikwa maua, na milango mikubwa ya misumari ya shaba ambayo mtu wa pwani yetu hawezi kuipita bila kuigusa.

Utakutana na akina mama waliovaa magauni ya rangi kali, sinia la matunda kichwani. Hao ni palenquera. Ukitaka picha, nunua matunda au uwalipe kwanza, ni kazi yao. Lakini zaidi ya picha, wasalimie. Asili yao ni San Basilio de Palenque, kijiji kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, Benkos Biohó akiwa kiongozi wao, na lugha yao ya Kipalenquero bado ina maneno ya Kikongo. Kwa Kihispania changu cha kuungaunga nilimwambia mama mmoja kwamba natoka Afrika. Akatua sinia. Akaniuliza kwetu mtoto tunamwitaje. Nikamjibu, mwana. Akacheka, akajipiga kifuani: "Moná!" Ng'ombe je? "Ngombe!" Tulikumbatiana pale barabarani, na mimi machozi yalinitoka.

Saa sita hadi saa tisa, lala. Kabla hujalala, pita Portal de los Dulces ununue cocada, ambazo ni kashata za nazi kabisa, na ule samaki kwa wali wa nazi.

Jioni panda ukutani uangalie jua likizama baharini, kisha uvuke kwenda Getsemaní, mtaa wa mafundi na Waafrika walioachwa huru. Watu wa mtaa huu, wakiongozwa na Pedro Romero, ndio walioshinikiza uhuru utangazwe tarehe 11 Novemba 1811. Sanamu yake iko Plaza de la Trinidad, na watoto hucheza mpira miguuni pake.

Hapo tafuta anayekaanga arepa de huevo. Anatandaza donge la unga wa mahindi, analikaanga mpaka lifure, analipasua ubavuni, anamimina yai bichi ndani, anaziba kwa unga kidogo na kulirudisha kwenye mafuta. Kula ikiwa ya moto. Agiza mbili kabisa, maana foleni ya pili ni ndefu.