"Nurture" si kila kulea

Barua yangu ya kwanza ya Kiingereza iliyokuwa na uzito ilikuwa ya kuomba nafasi ya masomo. Niliianza kwa kueleza kwamba nililelewa na shangazi: "I was nurtured by my aunt." Nilitaka neno zuri kuliko yale niliyoyazoea, nikafungua kamusi penye kulea, nikaliona hilo, nikaridhika. Mwalimu niliyemwomba aipitie alilizungushia duara la penseli, na pembeni akaandika neno moja tu: "How?" Kivipi?

Nilidhani anauliza habari za familia yetu. Kumbe alikuwa ananifundisha matumizi ya neno. Ukitaka kusema tu kwamba ulikulia mikononi mwa fulani, Kiingereza kina "raised" na "brought up", na hayo yanatosha. "Nurture" linadai zaidi. Linasema kulikuwa na kitu kichanga, na mtu akakaa nacho karibu, siku baada ya siku, akikipa kinachohitaji mpaka kikastawi. Ukilitumia, msomaji anasubiri umwoneshe kitu chenyewe.

Basi nikakaa kufikiri shangazi alikuza nini ndani yangu. Kila usiku alinikalisha ubavuni mwake nisome kwa sauti, huku kidole chake kikitembea chini ya mstari. Nikikwama, kidole kilisimama. Hakunitajia neno, alingoja, hata kama kungoja kwenyewe kulikuwa kurefu. Nikaandika upya: "My aunt raised me, and she nurtured my love of reading." Safari hii duara halikurudi.

Tangu hapo ushauri wangu kwa yeyote anayeandika Kiingereza ni huo: kabla ya kuandika "nurture", taja kwanza kinachokuzwa. Kipaji, urafiki, matumaini, udadisi wa mtoto, imani ya mtu aliyekata tamaa. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuwa "nurtured", lakini hapo unazungumzia namna alivyotunzwa, si nyumba aliyokulia.

Asili ya neno inasaidia kukumbuka. Limetoka katika Kilatini, "nutrire", yaani kunyonyesha au kulisha, likaingia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale. Ndiko lilikotoka pia "nurse", ambalo sisi tumelifanya nesi, na "nourish", linalotumika zaidi kwa chakula kinachoupa mwili nguvu. Nesi na "nurture" ni ndugu wa ukoo mmoja! Nilipolijua hilo niliacha kabisa kulitumia kwa mambo ya haraka. Kunyonyesha hakuna haraka.

Lipo pia kama nomino, na hapo huandamana na "nature". Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliyaweka pamoja katika jina la kitabu chake cha mwaka 1874, ingawa Shakespeare alikwisha kuyakutanisha zaidi ya miaka 200 kabla yake. Kwetu ni maumbile na malezi. Katika kutamka yasikuchanganye: "nature" linakaribia "neicha", na "nurture" "naacha", sauti ya mwanzo ikivutwa.

Panaponisumbua zaidi ni pale tunapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kwa sababu kulea kwetu ni kupana sana. Tunalea mtoto, tunalea kipaji, na tunalea maovu. Tukisema wakubwa fulani wanalea wizi, tunamaanisha wanauona na kuunyamazia. Kiingereza hapo ni "condone" au "tolerate". Ukiandika "nurture", umewashtaki kwamba wanaufundisha na kuukuza kwa makusudi, na hilo ni shitaka zito. Vilevile tukimwambia mtu asilee ugonjwa, tunamwambia asiupuuze. Mwingereza akisema "nurse a cold", maana ni kinyume: anajitunza mafua yaishe.

Na kuna "foster", linalokaribiana nalo na ambalo chimbuko lake la kale pia ni chakula. Mtu anaweza "foster" amani au ushirikiano, yaani kuukuza. Lakini "foster child" ni mtoto anayetunzwa kwa muda na watu wasio wazazi wake, bila kuwa wao kisheria kama inavyokuwa kwa aliyeasiliwa. Mama anayempokea mtoto huyo ni mama mlezi. Mama wa kambo ni mke wa baba, ni jambo jingine kabisa. Nimewahi kupewa tafsiri niihariri, kijitabu kilichoandikiwa watoto hao hao, na kila ukurasa mama mlezi ameitwa mama wa kambo. Nilisahihisha moja moja kwa mkono, nikimfikiria mtoto atakayekisoma akimtafuta humo mwanamke anayemfunika shuka usiku.