Mtihani wa kompyuta hauko kwenye kompyuta tu

Dada yangu wa Ngamiani, umeuliza kama kijana wako anayesoma sayansi ya kompyuta ya bodi ya mitihani ya Cambridge, ngazi ya A (A Level), atapimwa kwenye kompyuta tu. La, sivyo. Karatasi za mtihani ni nne, kila moja ina alama 75 na inabeba robo ya matokeo. Ya kwanza na ya tatu ni nadharia. Ya nne ndiyo ya kompyuta: saa mbili na nusu, bila intaneti, anaandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python, Java au Visual Basic.

Inayowaponza wengi ni ya pili. Humo anaandika hatua za programu kwa kalamu, hana mashine ya kumwonyesha kosa. Mpwa wangu nilimkalisha barazani hapa Chumbageni kila jioni, daftari mapajani, anafuata kitanzi, yaani hatua za programu zinazojirudia, mstari kwa mstari: hesabu ni 1, hesabu ni 2, hadi akagundua mwenyewe kwamba kitanzi chake hakikomi. Kwenye kompyuta angebahatisha tu mpaka ikubali.

Basi hata umeme ukikatika, dada, usimwache akalale. Mpe kalamu na karatasi. Kikokotoo nacho akizoee kukiweka kando, maana kwenye karatasi za nadharia hakiruhusiwi.