Dada, fremu ya mjini usiilipie Bunge likiwa linaendelea

Dada, usitume hiyo hela. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba umetoka Singida, una milioni 12 za kiinua mgongo cha mzee wako, na dalali amekuonyesha fremu ya viatu na mikoba pale Madukani, hapa Dodoma mjini. Kilemba, yaani hela ya kumpisha mpangaji anayetoka, milioni 4, kodi laki 3 na nusu kwa mwezi, ilipwe mwaka mzima mkononi, na umepewa hadi Ijumaa kwa sababu "kuna mtu mwingine anaitaka". Huyo mtu mwingine hata mimi niliambiwa yupo. Fremu ya jirani yangu ilikaa na kufuli tangu masika mpaka kipupwe, na kila aliyekwenda kuiulizia aliambiwa yupo mtu.

Hebu nikuulize: uliiona lini? Umesema wiki iliyopita. Wiki iliyopita ni Mei, na Mei ni Bunge la Bajeti. Linaanza Aprili, linakwenda mpaka mwisho wa Juni. Wabunge wako mjini, maofisa wa wizara na taasisi wanapishana kuja kujibu hoja, wadau wanakuja kwenye kamati, na kila mmoja ana dereva. Gesti zimejaa, mama ntilie wanaongeza sufuria, jioni Nyerere Square huoni pa kukaa. Ukisimama mlangoni kwa hiyo fremu leo utaona watu wanapita kama maji, na utaamini kila neno. Madalali wanaijua kalenda hiyo. Ndiyo maana fremu za katikati ya mji zinaonyeshwa kwa wageni miezi hii.

Na mimi nilionyeshwa Mei.

Nililipa kilemba kwa mpangaji aliyekuwa anatoka. Nikaambiwa nanunua kaunta, shelfu na wateja aliowazoesha. Shelfu zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa nyuma, na wateja wa mtu hawauzwi. Mwenye nyumba hakuwepo siku ile, alisaini mkataba wa kodi baadaye, na kwenye mkataba neno kilemba halimo hata mara moja. Dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, akanishika mkono, akaniambia hapa umepata, hii ndiyo Dodoma yenyewe. Julai nilipompigia hakupokea. Mpaka leo nikimwona pale kijiweni kwake moyo unanichemka, kwa sababu alijua. Alikuwa ameshaipangisha fremu ileile kwa watu wawili kabla yangu, na wote waliondoka kwa njia moja.

Julai mji ulipwaya. Agosti nilikuwa najua kabisa kwamba pale hapanifai, lakini kodi yangu ilikuwa imelipwa mpaka Mei inayofuata. Hapo ndipo penye kidonda, dada, na ndipo nataka upasome mara mbili. Kilichonimaliza ni kule kulipa mwaka mzima, biashara mbaya ningeihama mapema. Hela ya mzigo ndiyo niliyompa mwenye nyumba. Kwa hiyo dukani nikawa na raba namba 38 na 42, katikati hamna. Mteja anaingia anataka 40, anatoka. Ukikosa namba yake mara mbili harudi tena, hata ukija kuzijaza. Nikaanza kufuata mzigo kidogokidogo, na mzigo mdogo bei yake ni kubwa, usafiri wake ni uleule. Mafuta yakipanda, na EWURA, wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwenye gari anakupandishia siku hiyohiyo. Wewe huwezi kumpandishia mteja siku hiyohiyo.

Mwaka ulipoisha nikataka nitafute mtu wa kunirudishia kilemba, kama nilivyolipa mimi. Mwenye nyumba akasema hiyo ni biashara yenu wapangaji, mimi nilipokea kodi tu, na kuanzia sasa kodi inapanda. Fremu akampa ndugu yake. Milioni zangu zikaishia hapo, na kaunta ikabaki kwake.

Tena kuna hili watu hawalisemi: kodi ya zuio kwenye pango la biashara, asilimia 10. Kisheria wewe mpangaji unaikata kwenye ile kodi unayomlipa mwenye nyumba, unaipeleka TRA. Wengi wa wenye fremu wanakuambia nataka hela yangu kamili, hayo mengine utajua mwenyewe. Kwa hiyo inakuwa yako. Muulize huyo dalali uone atakavyobadilisha mada.

Umeuliza kama watu bado wananunua maisha yalivyopanda. Wananunua, ila si pale na si kwa namna ile ya zamani. Hiyo mitaa ya Madukani na Uhindini ilikuwa inalishwa na vitu vitatu. Stendi ya mikoani ilikuwa katikati ya mji, msafiri anashuka anapita dukani. Sasa mabasi yanaishia Nzuguni. Maofisi yalikuwa mjini, mtumishi akitoka saa tisa na nusu anazunguka kidogo. Sasa wizara ziko Mtumba, kilomita kama 17, na mtu anatoka Mtumba anakwenda nyumbani Ihumwa, Ilazo au Kisasa bila kuuona mji wiki nzima. Cha tatu ni machinga. Walipoondolewa barabarani kupelekwa kwenye soko lao la wazi, wenye maduka tulishangilia kwamba wanatuzibia milango. Kumbe wale ndio waliokuwa wanawaleta watu mtaani. Mtu alikuja kununua soksi kwa machinga, akaona kiatu kwangu.

Halafu ikaja treni. Tangu SGR ianze Dar mpaka Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilianzia 31,000 na safari ni ya kama masaa manne. Kina mama wa kikundi wanachanga, mmoja anadamka, anashinda Kariakoo, usiku yuko nyumbani na vitu vya harusi nzima.

Nikuelezee mteja mmoja. Dada mtumishi, aliingia akajaribu raba nyeupe namba 39, akatembea mpaka mlangoni akarudi, akaivua, akaigeuza, akapiga picha soli. Nikajua anamtumia mumewe aione. Siku chache baadaye nikakutana naye ameivaa. Aliiagiza Kariakoo kwa simu, ikaja kwa basi. Simlaumu hata kidogo, tofauti ilikuwa kama elfu nane, na ilikuwa mwanzoni mwa 2024, sukari imepaa mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Elfu nane ile ni sukari ya nyumba yake. Mshahara wake ni uleule, kodi yake ya nyumba imepanda tangu serikali ihamie huku, angefanyaje?

Sasa shika hili moja, hata ukiyasahau mengine yote: fremu ya Dodoma usiilipie mpaka uione kati ya tarehe 10 na 18, mwezi ambao Bunge halipo. Mishahara ya mwezi uliopita imeisha, mipya haijatoka. Kaa kwa muuza chai aliye mkabala, tangu asubuhi mpaka magharibi. Usihesabu wanaopita. Hesabu wanaotoka kwenye maduka ya pale wameshika mfuko. Ukikosa wa kuhesabu, umepata jibu, na dalali ameshindwa. Akikataa kusubiri Julai, mwache. Fremu za mjini zitakuwepo Julai, na bei itakuwa imelegea.

Ukiipenda hata baada ya hapo, lipa miezi mitatu. Wapo wanaokubali, hasa fremu ikikaa tupu. Na kilemba asipewe mtu yeyote bila mwenye nyumba kuwepo na kuandika kwa mkono wake kwamba anakitambua na utaruhusiwa kukidai kwa atakayekufuata.

Na wale mtakaokuja hapa chini kumwambia biashara ni kuthubutu, mwambieni pia nani atamrudishia mzee kiinua mgongo chake.

Leseni ni ofisi za jiji, anza na TIN (namba ya mlipa kodi), wengine watakuelekeza vizuri. Dada, niandikie tu hiyo fremu iko mkabala na nini. Kesho nashuka mjini, nitapita niiangalie na kuwauliza majirani zake nani alikuwa ndani na kwa nini ametoka. Watakachoniambia nitakiweka hapahapa kabla ya Ijumaa.