Barua kwa mwanangu: kuhusu mjukuu wangu na mawe ya darajani

Mwanangu, marahaba. Umeniuliza umfanye nini huyu mjukuu wangu aliyekutwa na wenzie juu ya daraja hapo kwenu Michigan, Marekani, wakirushia magari mayai na mawe, maana anasema yeye hajarusha kitu alikuwa anarekodi tu na simu, na baba yake anasema ni utoto utaisha. Mimi utoto hapo siuoni.

Unajua nimeendesha semi miaka mingi njia ya Tunduma. Usiku mmoja tumeshamaliza mlima Kitonga watoto wakarusha jiwe, wala halikuwa kubwa, likapiga kioo upande wa tingo. Kioo cha mbele ni vioo viwili vimegandishwa na plastiki katikati kwahiyo hakikumwagika, ila kilipasuka chote kikawa cheupe, barabara siioni, na nyuma mzigo wa saruji unanisukuma. Tingo vipande vilimwingia jichoni. Nilisimamisha gari kwa kudra za Mungu tu.

Sasa huko gari inaenda kilomita 110 kwa saa, yani mita 30 kila sekunde, mtoto hahitaji hata nguvu ya kurusha, akiliachia tu jiwe gari yenyewe ndo inalifuata kwa spidi hiyo. Na hapohapo Michigan, Oktoba 2017, karibu na Flint, vijana watano wa miaka 15 mpaka 17 walikuwa darajani juu ya barabara kuu ya I-75 usiku, jiwe la kama kilo 3 likapita kioo likamuua mtu wa miaka 32, abiria tu, anarudi zake nyumbani kutoka kazini. Walishtakiwa mauaji wote watano, sio aliyerusha peke yake.

Kwahiyo hiyo ya "nilikuwa narekodi tu" usiipokee hata kidogo, wenzie wanarusha kwasababu kuna simu inawaangalia. Usimpige. Mkae naye leo, baba yake awepo, awaonyeshe hiyo video na muangalie magari yanavyoyumba, sio watoto wanavyocheka. Alafu nendeni kwa wazazi wa hao wenzie, nendeni kwa miguu yenu sio meseji, wakinuna wanune. Kama kuna gari iliumia msijifiche, ila muoneni wakili kabla ya kuongea na polisi, huko sheria haina mchezo.

Jumapili mnipigie, simu ashike yeye.

Baba yako