Usikimbilie Kununua Choki

Hapa Kibuye, mteja akiwa na taa ya tyubu inayopepesapepesa huja ameshahukumu: "Fundi, choki imeungua." Mara nyingi choki, kile kifaa kinachozuia umeme usizidi kwenye tyubu, ni nzima. Ile ya kizamani ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, haifi ovyo.

Anza na stata, kile kikopo kidogo kinachoiwasha tyubu: izungushe kidogo, ichomoe, jaribu nyingine. Ncha za tyubu zikibaki nyekundu huku katikati hapashiki, stata imegandiana ndani. Ncha zikiwa nyeusi tii, tyubu imezeeka. Na ikisumbua jioni tu, mtaa mzima unapotumia umeme, lakini asubuhi inashika mara moja, usinunue chochote. Stima imeshuka mno chini ya volti 240 za kawaida.

Choki mbovu hunuka lami iliyoungua, na bati lake hubabuka rangi. Kuvuma pekee si ugonjwa, kaza skrubu kwanza. Ninayoiogopa ni ile ambayo waya zake zimegusana ndani. Haizuii umeme tena, kwa hiyo tyubu mpya humulika kwa ukali kisha hufa. Ukiweka ya pili, umeitoa kafara.

Kabla ya kugusa, zima swichi kuu. Ya ukutani haitoshi, maana kuna nyumba ambazo swichi imefungwa kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme: taa imezima, waya bado una moto, yaani umeme. Hakikisha kwa testa. Kisha ng'oa waya mmoja wa choki, pima kwa mita. Ya wati 36 husoma makumi ya omu. Mita isiposoma kitu, waya umekatika; ikisoma karibu na sifuri, imepiga shoti.

Choki mpya ilingane na tyubu: futi nne kwa kawaida ni wati 36, futi mbili ni 18. Ifunge kwenye waya wa moto, kamwe si nyutro.

Ila kwa fitingi kuukuu, siku hizi namshauri mteja ahamie LED. Mwaka 2023, nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kukomesha utengenezaji wa tyubu hizi na kuziingiza au kuzitoa nchini kufikia mwisho wa 2027, kwa sababu ya zebaki iliyomo. Soma mchoro wa LED uliyonunua: nyingine zinataka choki itolewe kabisa, nyingine huja na stata yake. Tyubu uliyotoa ifunge kwenye katoni nzima nzima. Watoto wa mtaani kwetu hupenda kuzipasua wasikie mlio. Waambie wasivute hewa inayotoka humo, ina zebaki.